Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Kifantasia ya Msichana Shujaa na Safari Yake: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Uganda

Miswada ya hadithi za kifantasia ambayo waandishi wa hapa Uganda huwaandikia watoto kwa Kiswahili hukwama karibu mahali pale pale. Sura ya kwanza huwa nzuri: msichana yupo, kijiji kipo, na jambo la ajabu limetokea. Katika sura ya pili anaondoka nyumbani. Ikifika sura ya tano mwandishi ameishiwa, naye huleta mzee mwenye fimbo ya nguvu, au ndege asemaye, au ndoto inayotoa majibu yote, na kuanzia hapo kazi inafanywa na huyo mgeni huku msichana akitazama. Mtoto anayesomewa huomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Kasoro ni moja: msichana anabebwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kumteremsha atembee mwenyewe, yaani jinsi ya kuhakikisha kwamba kila kituo cha safari kinageuzwa na uamuzi aliouchukua yeye, na kwamba uamuzi huo unamgharimu kitu anachokithamini. Wasomaji wanaolengwa ni watoto wa miaka 9 hadi 12, wengi wao wakiwa darasa la nne hadi la saba. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wa msichana wa kubuni aitwaye Biira, mwenye miaka 11, anayeishi kwenye miteremko ya Rwenzori upande wa Kasese.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari kubwa la mistari na kalamu. Mswada unaweza kuuandika kwenye simu, lakini mpango uwe kwenye karatasi, kwa sababu unapaswa kuuona wote kwa mara moja.
- Ramani inayoonyesha mito, milima na barabara. Ramani ya wilaya ni bora kuliko ya nchi nzima.
- Kalenda yenye mihula ya shule na, ikiwezekana, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu.
- Vipande 20 vya kadibodi vyenye ukubwa wa kiganja. Boksi la sabuni likikatwa vizuri linatosha.
- Kamusi ya Kiswahili sanifu.
- Mtu mmoja aliyekulia mahali unapopaandika, hata kama wewe pia ulipitia hapo.
- Watoto watatu wa kusikiliza, wasiwe wanao wala wa ndugu zako. Mtoto wako atakusifu kwa sababu anakupenda.

## Hatua ya 1: Andika anachokitaka msichana, na muda alio nao

Andika sentensi moja tu. Iwe na jina lake, kitu anachokitaka, na siku ambayo baada yake itakuwa imechelewa. Sentensi yangu ni hii: Biira anataka kujua chumvi inaingiaje katika kijito cha kwao kabla baba yake hajauza shamba, na mnunuzi atakuja wiki ya mwisho ya Januari.

Kijito hicho huteremka kutoka kwenye barafu ya mlimani, na chumvi ipo chini kabisa bondeni, kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Maji yake hayakupaswa kuwa na ladha ya chumvi. Hata hivyo, miche ya kahawa inakauka kuanzia kwenye kingo za majani, jinsi mimea inavyofanya inaponyweshwa maji ya chumvi, na baba amekata tamaa.

Tazama ukubwa wa haja hiyo. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuishika haja ya kuokoa ulimwengu, kwa sababu ulimwengu hajauona. Shamba amelipalilia, na anajua sauti za watu wazima wanapozungumzia kuuza kitu usiku wakidhani watoto wamelala.

Onyo la hatua hii ni kwamba usianze na utabiri. Mwandishi anapotangaza kuwa msichana alichaguliwa kabla hajazaliwa, anamnyang'anya nafasi ya kuchagua, na udhaifu huo utaiandama hadithi hadi mwisho. Fanya kinyume chake: mpe sababu ya kutokuwa yeye. Kwa Wakonzo, watu wa Rwenzori, majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na Biira ni jina la binti wa pili, baada ya Masika. Kijiji kizima kinamwita mama yao Mama Masika. Jambo zito likitokea, macho yote yanamwelekea dada mkubwa. Biira akiondoka, ataondoka kwa sababu ameamua, wala hakuna aliyemtazamia.

Ili kujua kama umefaulu, msomee mtoto sentensi hiyo. Akiuliza, "Sasa atafanyaje?", endelea. Akiuliza, "Kwa nini anajali?", iandike upya.

## Hatua ya 2: Ichore safari juu ya ramani ya kweli

Waandishi wengi hubuni nchi yote, wakiipa misitu isiyo na majina na milima isiyo na kimo. Nadhani hilo ni kosa kwa anayeandika hadithi yake ya kwanza, na hasa hapa kwetu, kwa sababu ardhi yenyewe itakupa nusu ya matukio bure. Maajabu machache yakiwekwa katika mahali pa kweli huaminika kuliko maajabu mengi yaliyowekwa pasipojulikana.

Safari ya Biira inaanza kijijini, inashuka hadi Ziwa Katwe lililo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha inapanda kurudi, inapita nyumbani kwao, na kuendelea hadi kwenye barafu. Kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, Margherita, kina mita 5,109. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila mtu anapopanda mita 1,000, kwa hiyo akifika mita 4,000 atakuwa ameacha nyuma nyuzi 18 hivi. Hesabu hiyo ndogo inakuambia kwamba sweta lake la shule litakuwa jambo kubwa katika hadithi.

Mimea nayo inapanga sura zako. Kuna msitu mnene chini, kisha ukanda wa mianzi, kisha miti ya erika iliyoning'iniza nyuzi za kuvumwani, kisha lobelia zinazomzidi mtu mzima kimo, vinamasi kila upande, na hatimaye mwamba na barafu. Mtoto atajua kwamba msichana amepanda bila wewe kumwambia.

Sasa fungua kalenda. Miezi ya Desemba hadi Februari ni ya kiangazi katika Rwenzori, na likizo ndefu ya shule huangukia humo, na pia ndiyo wakati ambapo chumvi ya Katwe huvunwa vizuri, maana mvua huyapunguza makali maji ya chumvi. Mambo matatu yamekutana, na tarehe ya mnunuzi ikapatikana yenyewe.

Kagua pia mwanga. Tuko kwenye ikweta, ambayo hupita katika wilaya hiyo hiyo ya Kasese, na hivyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Giza huingia upesi. Usiandike magharibi ndefu inayodumu saa mbili, na usiweke mwezi mpevu ukichomoza usiku wa manane: mwezi mpevu huchomoza jua linapozama.

Yapo maonyo mawili. La kwanza, Mto Nyamwamba ulifurika na kuleta maafa Kilembe na Kasese mwaka 2013 na tena mwaka 2020, na watoto waliopoteza nyumba zao huenda wakawa wasomaji wako. Usiyageuze maafa hayo kuwa kazi ya jini. Ndiyo maana kijito cha Biira hakimo katika ramani. La pili, Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, na wageni hupanda wakiwa na waongozaji. Hadithi yako ilijue jambo hilo na ilishughulikie.

Asiyeijua Kasese asijilazimishe. Kwenye maporomoko ya Murchison, karibu Nile nzima inabanwa katika mwanya wa upana wa mita 7 hivi. Ssese kuna visiwa 84. Nyero, huko Kumi, kuna michoro ya kale kwenye miamba. Karamoja kuna Mlima Moroto. Chagua mahali ambapo una mtu wa kumuuliza.

## Hatua ya 3: Yawekee maajabu kanuni na bei

Andika mistari mitatu juu ya jambo la ajabu la hadithi yako: linafanya nini, haliwezi kufanya nini, na linadai nini. Mistari mitatu inatosha. Ukihitaji kurasa nne, jambo lako ni zito kuliko mabega ya hadithi.

Kwa Biira: akitupa punje ya chumvi ya mawe ya Katwe katika maji yanayotiririka, maji humwambia yametoka wapi. Hayawezi kumwambia yanakwenda wapi, wala hayajui lolote juu ya watu. Na kila anapouliza, anashikwa na kiu ambayo hakuna maji yanayoiondoa mpaka jua litakapochomoza tena.

Bei ni muhimu kuliko nguvu yenyewe. Nguvu isiyo na bei huifuta safari, kwa maana msomaji atauliza kwa nini msichana asiitumie kila mara, na hutakuwa na jibu. Tena bei iwe ya mwili, au ya kitu kinachoshikika. Bei ya kupoteza sehemu ya roho husikika nzito kwa mtu mzima, ilhali mtoto haioni, kiu anaijua. Fikiria msichana mwenye kiu akivuka vinamasi vya Rwenzori usiku, maji yamemfika magotini, na hawezi kuyafaidi. Tukio hilo lilizaliwa na kanuni, sikulitafuta.

Masimulizi yetu wenyewe yanajua ufundi huu. Katika kisa cha Kiganda, Nambi, mke wa Kintu, aliambiwa asirudi nyuma kwa lolote, akarudi kuuchukua ulezi wa kuku wake, na Walumbe, yaani Kifo, akamfuata. Kanuni ilitangazwa mapema, sababu ya kuivunja ilikuwa ndogo na ya kibinadamu, na gharama yake haikufutika. Kwa Waacholi na Waalur, ndugu wawili wanatengana milele kwa ajili ya mkuki na ushanga. Visome visa hivi tena kwa jicho la fundi, ukitazama jinsi kitu kidogo kinavyobebeshwa uzito mkubwa.

Lakini usiwachukue miungu na roho wa imani za watu na kuwafanya vibaraka. Wapo Wakonzo ambao kwao Kitasamba, roho wa mlima, si mhusika wa hadithi. Buni kiumbe chako, umpe sifa zake, na uwaachie wenye mlima heshima yao. Vilevile usiweke kafara ya aina yoyote, hata kwa lengo la kuilaani. Watoto wa nchi hii wameonywa juu ya jambo hilo kwa sababu za kweli, na hadithi ya safari si mahali pa kuwarudishia hofu hiyo.

## Hatua ya 4: Waondoe watu wazima kwa sababu ya haki

Msichana wa miaka 11 hapaswi kuwa peke yake mlimani, na msomaji wako anajua. Njia ya mkato ni kuwaua wazazi katika sura ya kwanza. Usiifuate isipokuwa msiba huo ndio hadithi yenyewe, kwa sababu mtoto aliyesomewa kifo cha mama atakisubiri kitajwe tena katika kila ukurasa, na wewe umeshakisahau.

Mpe kila mtu mzima kazi halali inayomzuia. Baba yuko mjini akishughulikia hati za shamba. Mama anawauguza mapacha wachanga. Yupo mzee aliyekuwa mpagazi wa mlimani kwa miaka mingi, anayeijua njia na sheria za hifadhi, na ndiye anayekubali kumsindikiza Biira mpaka mwisho wa mianzi, hapo ambapo goti lake linavimba na kukataa. Mzee huyo amwambie wazi kwamba kichwa kikiuma sana huko juu ashuke mara moja, maana ugonjwa wa miinuko huua hata wenye nguvu. Mtoto anayesoma naye atakuwa amesikia.

Mzee asijue jibu la fumbo. Ajue njia tu.

## Hatua ya 5: Jenga katikati kwa vipande vya kadibodi

Hii ndiyo hatua ambayo miswada hufia, kwa hiyo ipe muda kuliko nyingine zote.

Chukua vipande 18 na uviache viwili vya akiba. Kila kipande ni sura moja. Andika mambo matatu tu: kizuizi kilicho mbele yake, vitu viwili anavyovitaka vyote ilhali anaweza kuchukua kimoja, na anachokipoteza baada ya kuchagua. Usiandike maelezo ya mandhari wala mazungumzo. Mstari wa pili ukiwa mtupu, hiyo si sura bado, hata kama ina joka.

Nitaeleza vipande vitatu vya Biira ili uone vinavyoshikana.

Kipande cha Katwe. Mama alimpa nauli ya kurudi. Biira anaitaka nauli hiyo, na anataka chumvi ya mawe, na fedha zinatosha kimoja tu. Hawezi kutembea, kwa sababu barabara ya kutoka Katwe inakatiza katika hifadhi ya Queen Elizabeth yenye tembo na simba. Ananunua chumvi, kisha anampa utingo wa lori sweta lake la shule ili apandishwe juu ya magunia. Amepoteza sweta.

Kipande cha njia panda. Lori linamshusha jioni mahali ambapo anaziona taa za kwao. Akiingia nyumbani atazuiwa, na kusema kweli mama atakuwa na haki ya kumzuia. Anamwita Masika gizani na kumwambia kila kitu, badala ya kutoroka kimya. Masika sasa lazima achague kati ya kumficha mdogo wake na kumwambia mama ukweli. Biira anaendelea, lakini amemtwika dada yake mzigo, na Masika anamwambia kwamba hatamsamehe upesi. Amepoteza ukaribu wao.

Kipande cha mianzi. Goti la mzee limevimba. Wana blanketi moja, na usiku unaingia. Kwa kuwa Biira hana sweta, blanketi ni uhai wake. Kwa kuwa mzee hawezi kutembea, ni uhai wa mzee pia. Analiacha kwa mzee. Akifika penye vijito viwili hawezi kungoja asubuhi kwa sababu ya baridi, kwa hiyo anatupa punje ya chumvi na kuuliza, na kiu inamshika katikati ya vinamasi.

Unaona kwamba sweta la Katwe ndilo linaloleta kiu ya vinamasini. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo isipokuwa Biira mwenyewe, kupitia maamuzi yake mwenyewe, na hilo ndilo linalomfanya mtoto aendelee kusoma.

Ukimaliza vipande vyote, vitandaze mkekani na ufanye majaribio mawili. Kwanza, badilisha nafasi za vipande viwili vilivyo karibu. Hadithi ikiendelea kueleweka bila tabu, kimojawapo hakifanyi kazi: kifanye kisababishwe na kilichotangulia, au kitupe. Pili, funika kwa kidole jina la msichana katika kila kipande na uliweke la mtu mwingine. Ikiwa mzee, ndege au bahati angeweza kulitenda tendo hilo na matokeo yakawa yale yale, andika upya.

Makosa matatu hurudi mara kwa mara hapa. Kuna sura ya kusafiri tu, ambamo watu wanatembea na kuchoka. Iunganishe na inayofuata. Kuna msaidizi anayejitokeza msichana anapokwama. Mruhusu aje mapema na kuleta tatizo, kisha baadaye anaweza kusaidia. Na kuna kutekwa na kuokolewa, jambo ambalo mimi ningelipiga marufuku kabisa katika mswada wa kwanza, kwa kuwa linamrudisha msichana kwenye kubebwa kwa sura tatu mfululizo.

## Hatua ya 6: Mpe mpinzani sababu ambayo mtoto ataikubali

Mwovu anayefanya uovu kwa kuwa ni mwovu humaliza hamu ya msomaji haraka. Andika ukurasa mmoja katika daftari, ambao hautaingia kitabuni, mpinzani akijitetea kwa nafsi ya kwanza. Ukimaliza, uwe umemwonea huruma kidogo.

Mpinzani wa Biira ni Mlinzi wa Barafu. Barafu ya Rwenzori imekuwa ikipungua tangu wapimaji walipoichora mwaka 1906, naye anaiona ikimponyoka. Aliteremka usiku hadi Ziwa Edward, lililo jirani na ziwa la chumvi la Katwe, akawaona wavuvi wakiwatia samaki chumvi ili wasioze, akaamini amepata dawa. Tangu siku hiyo huiba chumvi Katwe na kuimwaga juu ya barafu ili aihifadhi. Chumvi huyeyusha barafu. Kila anavyozidi kuilinda ndivyo anavyozidi kuimaliza, na maji yake ndiyo yanayoteremka kuunguza miche ya kahawa.

## Hatua ya 7: Kilele kitoke katika jambo aliloliona mwenyewe

Kanuni ya kilele ni kwamba msichana asishinde kwa nguvu mpya. Ashinde kwa ujuzi ambao msomaji pia alikuwa nao, lakini hakujua kwamba utahitajika.

Kwa hiyo rudi nyuma ukapande mbegu. Katika sura ya Katwe, kwenye mwalo wa samaki wa Ziwa Edward, kuna kijana anayemwaga chumvi kwa bahati mbaya katika sanduku la barafu, na mwenye samaki anamfokea kwa sababu barafu inatoboka na kuyeyuka upesi. Tukio hilo lipewe mistari sita, likizungukwa na mambo mengine yanayovuta macho zaidi, ili lisijitangaze.

Kule juu Biira anabaki na chumvi ya mara moja tu, na anaihitaji ili, vijito vikikutana njiani, maji yamwambie kama yametoka kwenye barafu hii, naye ajue kijito cha kukifuata kurudi. Anaimwaga juu ya kipande cha barafu mbele ya Mlinzi, nao wanaketi kukitazama pamoja. Hapo hakuna ajabu lolote linalotendeka; ni chumvi na barafu tu, na Mlinzi anaona kwa macho yake. Sasa Biira hana njia ya kurudi, na anayejua njia zote za mlimani ni yule aliyekuwa adui yake, ambaye ana sababu ya kumkasirikia kwa kumwonyesha kosa lake. Sura inayofuata inajiandika.

Ukitaka kupima kilele chako, msimulie mtoto hadithi hadi ukurasa wa mwisho kabla ya suluhisho na umwache akisie. Ikiwa mmoja kati ya watatu anakisia, umepata kipimo. Wote wakikisia, ifiche mbegu zaidi. Asipokisia hata mmoja, na baada ya kusikia jibu wasiseme "kumbe!", basi mbegu haikuota.

## Hatua ya 8: Mrudishe nyumbani, na usimdanganye mtoto

Sura mbili zinatosha. Kijito kinaanza kupoteza ladha ya chumvi, na baba anakubali kungoja msimu mmoja kabla ya kuuza. Masika bado hajasamehe kabisa, yuko njiani. Mama anaadhibu, kwa kuwa mama yeyote angeadhibu.

Barafu itaendelea kupungua, kwa sababu upungufu wake wa kweli unatokana na kuongezeka kwa joto, jambo ambalo msichana mmoja hawezi kulimaliza kwa chumvi. Lisemwe waziwazi na Mlinzi mwenyewe. Watoto wanastahimili ukweli huo vizuri ikiwa tatizo lililoahidiwa katika sentensi ya kwanza limejibiwa.

## Hatua ya 9: Andika mswada kwa Kiswahili ambacho mtoto wa hapa atakisoma bila kuchoka

Lenga maneno 20,000 hadi 25,000, yaani sura 18 zenye maneno 1,100 hadi 1,400 kila moja. Mwalimu au mzazi anaweza kusoma sura ya urefu huo kwa sauti kabla watoto hawajaanza kujinyoosha. Andika sura moja kwa mkao mmoja ukiweza, na usirudi kusahihisha hadi ufike ya mwisho.

Watoto wengi wa Uganda hukutana na Kiswahili shuleni, baada ya lugha ya nyumbani. Hiyo si sababu ya kukipunguza ladha. Tumia Kiswahili sanifu kamili, lakini neno gumu likae katika sentensi inayolifafanua kwa tendo, na lisifuatane na neno gumu jingine. Ukileta neno la Kikonzo au la Kiganda, liwe la kitu kinachoonekana au la kumwita mtu, na msomaji alielewe kutokana na kinachotendeka.

Mazungumzo yafuate adabu ya mahali. Biira hawezi kumwita mzee kwa jina lake, wala kumkatiza mama. Salamu pia zitazame: usiwatie wanakijiji wa Kasese salamu za pwani ambazo hawasalimiani nazo. Hapa ndipo yule mtu aliyekulia mahali hapo anapokuwa na thamani kuliko kamusi. Msomee mazungumzo yote, na anapokunja uso, andika jinsi ambavyo yeye angelisema.

## Hatua ya 10: Soma kwa sauti mbele ya watoto watatu

Soma sura mbili kwa siku, usieleze chochote, na umpe mtu mwingine daftari aandike mahali ambapo watoto wanatazama pembeni. Usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watajibu kwa heshima. Waulize, "Biira afanye nini sasa?" Wakibishana, uamuzi wa sura hiyo ni wa kweli. Wakikubaliana wote mara moja, kimoja kati ya vile vitu viwili hakina uzito; rudi kwenye kipande chake cha kadibodi.

Weka alama tatu pembeni ya mswada: mduara mahali walipochoka, mstari mahali walipouliza swali, na nukta mahali walipocheka au kunyamaza. Anza marekebisho kwenye miduara. Sehemu yenye mduara karibu kila mara hupona kwa kukatwa, na ni mara chache hupona kwa kuongezewa maelezo. Mistari ishughulikie baadaye, kwa kuwa swali la mtoto linaweza kuwa kasoro ya kanuni zako, au linaweza kuwa hamu tu, na hamu usiizime kwa jibu la mapema.

Nukta usiziguse. Ukimaliza marekebisho, tafuta watoto watatu wengine na usome tena toka mwanzo, kwa sababu wale wa kwanza wameshajua chumvi inaishia wapi.